Mganga Adriani Atiman

Mtoto wa Kamituga akienda kusoma Bukavu, anasafiri karibu kilomita 180. Siku za kwanza analala na moyo mzito. Chakula si kile cha mama, na sauti za watu si zile alizozizoea. Lakini anajua njia ya kurudi, na likizo ikifika atarudi. Leo tusome habari za mtoto aliyekwenda kusoma mbali sana kuliko huyo, wala hakuwa na njia ya kurudi.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto mkubwa Niger, upande wa mji wa Timbuktu. Nchi hiyo sasa inaitwa Mali. Alipokuwa angali mtoto mdogo, wezi wa watu walimkamata, akauzwa utumwani. Wafanyabiashara wakamvusha jangwa la Sahara. Jangwa hilo ni nchi ya mchanga na mawe. Mchana jua linachoma, usiku baridi inauma, na kutoka kisima hata kisima ni mwendo wa siku nyingi. Watumwa wengi walikufa njiani. Atiman alifika hai upande wa pili, katika nchi ya Algeria. Wazazi wake hakuwaona tena.

Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa kulipa fedha. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa mji wa Alger, aliyekuwa Kardinali baadaye. Lavigerie aliwatia shuleni watoto waliokombolewa. Atiman akajifunza kusoma na kuandika, akajifunza na Kifaransa. Akabatizwa, akaitwa Adriani.

Siku zile wamisionari waliotumwa kwenye Maziwa Makuu walikufa upesi kwa homa, tena wenyeji wa huko walikuwa na magonjwa mengi. Lavigerie akafanya shauri. Vijana Waafrika wafundishwe uganga, kisha waende kukaa kati ya Waafrika wenzao, watibu na kufundisha dini. Mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta. Adriani akachaguliwa kwenda huko.

Malta ni kisiwa kidogo katika bahari ya Mediteranea, kusini ya Italia. Miji yake imejengwa kwa mawe, ina kuta nene na makanisa mengi. Nyumbani mwao wanafunzi walitumia Kifaransa. Njiani walisikia Kimalta, lugha yenye maneno mengi yaliyofanana na Kiarabu. Na siku hizo lugha ya wasomi wa kisiwa ilikuwa Kitaliano. Fikirini, watoto! Kujifunza majina ya mifupa na ya dawa ni kazi hata kwa lugha ya mama. Vijana hawa walijifunza hayo yote kwa lugha za kigeni.

Wanafunzi wenzake walitoka nchi mbalimbali za Afrika. Wengi wao, kama yeye, walikuwa wamekombolewa utumwani. Hawakuwa na lugha moja ya kwao, lakini walikuwa na msiba mmoja, na jambo hilo liliwafanya kuwa ndugu.

Tena Lavigerie aliagiza kwamba vijana wale wasilelewe kama Wazungu. Alitaka wadumu kuwa Waafrika katika maisha yao, ili wasije wakawa wageni kati ya watu watakaowatibu. Agizo hilo lilikuwa na maana njema, lakini halikuwa rahisi. Kijana alisoma elimu ya Ulaya, lakini hakutakiwa kuishi kama watu wa Ulaya. Na kwao mto Niger hakuweza kurudi. Basi ilimpasa atafute kwao pengine.

Mwaka 1888 Adriani alimaliza masomo yake, akapanda meli kwenda Zanzibar. Kutoka pwani msafara ulikwenda kwa miguu, katika pori na mabonde, kwa miezi mingi. Mwaka 1889 alifika Karema, misioni iliyo kando ya ziwa Tanganyika upande wa mashariki. Upande wa pili wa ziwa, kwetu Kongo, Karema inatazamana na Mpala. Huku Kongo alifanya kazi mwenzake wa Malta, Joseph Gatchi.

Adriani alikuwa na miaka karibu 23, akawa mgeni mara nyingine tena. Rangi yake ilikuwa kama ya wenyeji, lakini maneno yao hakuyajua. Kifaransa chake hakikumsaidia kitu mbele ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Basi akawa tena mwanafunzi. Alijifunza Kiswahili na lugha ya Wabende. Hakudharau miti na mizizi ya nchi. Aliuliza kila dawa inaponya nini, akaiunganisha na elimu ya Malta. Akamwoa Agnes, msichana wa Kibende. Mtoto wao Yosefu alikuwa padri.

Kazi yake ilikuwa kubwa. Alisafisha vidonda, alitibu homa, alikwenda vijijini kutazama wagonjwa, na alifundisha katekismu. Mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulishika nchi za kando ya ziwa, ukaua watu wengi. Wajerumani walitawala, kisha wakaja Waingereza. Watawala walibadilika, Adriani akabaki na wagonjwa wake.

Alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka karibu 90. Alikuwa ametumika huko miaka 67. Alikuja mgeni, akazikwa kama mzee wa nchi. Hata leo, mjini Sumbawanga, hospitali inaitwa kwa jina lake.

Watoto, Atiman hakuchagua kutolewa kwao. Watu wabaya walimnyang'anya mama, kijiji na lugha. Lakini elimu aliyoipata ugenini hakuishika kwa ajili yake peke yake. Aliwapa watu wasiokuwa na mganga, nao wakawa ndugu zake. Siku moja huenda nanyi mtatoka Kamituga kwenda kusoma mbali. Mkifika huko, jifunzeni kwa bidii, msiwadharau wenyeji, wala msisahau wale wanaongoja elimu yenu.

MAULIZO
1. Atiman alifikaje Algeria?
2. Kwa nini masomo ya Malta yalikuwa magumu?
3. Alipofika Karema, alijifunza nini tena?
4. Je, katika kijiji chako kuna mgeni? Unaweza kumsaidia namna gani?