Heinrich Hertz: mtu ambaye jina lake tunalitaja kila siku redioni

Kila tunapofungua matangazo tunataja masafa yetu kwa megahezi. Tunalitaja neno hilo asubuhi, mchana na jioni, na ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza limetoka wapi. Sisi wenyewe tulijiuliza hivi karibuni tu, hapa Rahaleo, Manispaa ya Mtwara, baada ya kompyuta moja kutusumbua siku nzima.

Ni kompyuta mpakato ya zamani, ile tunayoibeba kwenda Msimbati au Mikindani kurekodi vipindi. Kadi yake ya Wi-Fi, yaani kile kibao kidogo cha ndani kinachopokea intaneti bila waya, ilikuwa imekufa. Fundi alitutafutia nyingine iliyotumika, akaifunga. Kompyuta ikaitambua kadi na kuonyesha mitandao ya majirani, lakini mtandao wa ofisi yetu haikuuona kabisa. Ruta ipo chumba hicho hicho, na simu zetu zote ziliuona. Wakati huo ndani ya mashine kulikuwa na mahojiano ya wakulima wa korosho, ambayo yalitakiwa kwenda hewani jioni ile ile.

Fundi alipoitwa tena, aliifungua mashine na kutuonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kadi. Iliandikwa 2.4 GHz. Herufi mbili za mwisho, Hz, ni zile zile zilizo kwenye redio yako. Ni kifupi cha jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Kadi tutairudia, maana tatizo lake ni jambo ambalo Hertz alilijua kabla ya mtu yeyote kuwa na redio.

Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika mji wa bandari wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yake alikuwa mwanasheria, na baadaye akawa seneta wa mji huo. Kijana Heinrich alikuwa na vichwa viwili kwa pamoja. Alipenda lugha, na miongoni mwa alizojifunza ni Kiarabu, lugha iliyoandikwa na kusomwa sana katika pwani yetu pia. Wakati huo huo alipenda kazi za mikono. Alijifunza useremala na kukereza, na alijitengenezea mwenyewe vifaa vya majaribio. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemfundisha kukereza, aliposikia miaka mingi baadaye kuwa kijana wake amekuwa profesa, alisikitika kwamba dunia imepoteza mkerezaji hodari.

Mwanzoni alitaka kuwa mhandisi. Alipofika Munich mwaka 1877 kusomea uhandisi, moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye fizikia. Hakuamua kimya kimya. Alimwandikia baba yake barua ya kuomba ridhaa, kwa kuwa baba ndiye aliyekuwa akimlipia masomo. Baba akakubali. Mwaka uliofuata alihamia Berlin, kwa mwalimu mashuhuri Hermann von Helmholtz, na mwaka 1880 akapata udaktari wake akiwa na miaka 23.

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, tumtaje kwanza mtu mwingine. James Clerk Maxwell, mwanasayansi wa Scotland, alikuwa ameonyesha kwa hesabu katika miaka ya 1860 kwamba umeme na sumaku vinaweza kusafiri angani kama mawimbi, kwa kasi ya mwanga. Fikiria unatupa jiwe kwenye maji yaliyotulia pale bandarini. Viduara vinatoka katikati na kwenda mbali. Maxwell alisema umeme unaochezacheza hufanya hivyo hivyo, isipokuwa mawimbi yake hatuyaoni. Alifariki mwaka 1879 bila mtu yeyote kuyathibitisha mawimbi hayo.

Mwaka huo huo wa 1879, Helmholtz alimshauri Hertz alishughulikie suala hilo, kwa kuwa lilikuwa limetangaziwa zawadi. Hertz alipiga hesabu, akaona kwamba kwa vifaa vilivyokuwepo jambo hilo lingekuwa dogo mno kupimika. Akaliacha, lakini hakulisahau.

Mwaka 1885 alipata kazi ya uprofesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kusini mwa Ujerumani. Mwaka uliofuata alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake chuoni hapo. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1886, akicheza na koili mbili za waya zilizokuwa kwenye kabati la vifaa vya kufundishia, aliona kitu. Koili moja ilipotoa cheche, nyingine ambayo haikuunganishwa nayo nayo ilitoa cheche. Wengine wangeona ni mchezo tu. Hertz aliona ndiyo njia aliyokuwa akiitafuta.

Mtambo wake ulikuwa wa kawaida sana. Upande wa kutuma aliweka waya mnene wa shaba ulionyooka, wenye mpira wa zinki kila mwisho na mwanya mdogo katikati. Umeme mkali ulipopitishwa, cheche iliruka kwenye mwanya huo. Upande wa kupokea aliweka pete ya waya, nayo ikiwa na mwanya mwembamba uliorekebishwa kwa skrubu. Hakukuwa na waya kati ya vitu hivyo viwili. Kama mawimbi yapo, cheche ndogo ingeonekana kwenye pete. Cheche yenyewe ilikuwa dhaifu mno, kiasi kwamba ilibidi akae gizani mpaka macho yazoee, ndipo aione.

Kulikuwa na sharti. Pete haikuitikia vizuri kwa ukubwa wowote. Ilibidi ukubwa wake ulingane na mwendo wa mtambo unaotuma, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde iwe moja pande zote mbili. Pete kubwa mno au ndogo mno ilikuwa kama mtu anayeitwa kwa lugha asiyoijua. Pete iliyolingana iliitikia hata ikiwekwa mbali.

Mwaka 1887 alikutana na jambo lingine ambalo hakulitarajia. Alipoifunika pete kwa kasha ili aione cheche vizuri, cheche ikafifia. Badala ya kulipuuza, alitumia miezi kadhaa kulichunguza, akagundua kuwa mwanga usioonekana kwa macho, ule wa urujuanimno, unasaidia cheche kuruka. Aliandika alichokiona, na hakudai kujua sababu yake. Sababu hiyo ilielezwa na Albert Einstein mwaka 1905, na kazi hiyo ndiyo iliyotajwa Einstein alipopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921.

Mwaka 1888 Hertz alimaliza kazi. Aliweka bati kubwa la zinki ukutani katika ukumbi wa kufundishia, mawimbi yakagonga na kurudi, naye akatembea na pete yake akipima mahali cheche inapokuwa kubwa na mahali inapopotea. Kwa njia hiyo alipima urefu wa wimbi. Kisha akatengeneza mawimbi mafupi zaidi, ya sentimita 66 hivi. Alitengeneza kipande kikubwa cha lami ngumu chenye pembe tatu, uzito wake kilo 600 hivi, akaonyesha kwamba mawimbi hupinda yakipita ndani yake kama mwanga unavyopinda kwenye kioo. Aliona pia kwamba mawimbi yanapenya mlango wa mbao uliofungwa, lakini bati huyazuia, na mtu akikatiza katikati cheche hufifia. Ukiwa na simu ndani ya nyumba iliyozungukwa na mabati, unaona jambo hilo hilo leo.

Tusisahau mwaka 1888 ulivyokuwa kwetu. Wakati Hertz akipima mawimbi gizani, watu wa pwani yetu, kutoka Pangani hadi Mikindani, walisimama kuipinga kampuni ya Wajerumani iliyokuja kushika bandari zao. Upinzani huo ulivunjwa kwa nguvu. Boma la Mikindani, ambalo bado limesimama, lilijengwa mwaka 1895. Nchi moja ilituletea bunduki na kodi, na katika miaka hiyo hiyo mwana wake mmoja aligundua kitu ambacho leo tunakitumia kuzungumza nanyi. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalofuta jingine.

Je, Hertz alijua alichokigundua kingefanya nini? Kwa ushahidi uliopo, hakujua. Mhandisi mmoja alimwandikia akiuliza kama mawimbi hayo yangeweza kubeba sauti ya simu. Hertz alijibu kwa hesabu kwamba kwa mitetemo ya polepole kama ya sauti, vioo vya kuyaelekeza mawimbi vingehitaji kuwa vikubwa kama bara zima. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ambacho hakukiona ni kwamba sauti inaweza kupandishwa juu ya mawimbi ya haraka, kama abiria anavyopanda basi. Yeye alitaka kujua tu kama Maxwell alisema kweli, na alipojua, aliridhika.

Mwaka 1889 alihamia Bonn kuwa profesa. Hakukaa sana kwa amani. Kuanzia mwaka 1892 alisumbuliwa na maradhi makali ya pua na masikio, akafanyiwa operesheni zaidi ya moja, na maumivu yakaendelea. Katika hali hiyo alikuwa akiandika kitabu kuhusu misingi ya mwendo na nguvu. Mwezi wa mwisho wa uhai wake aliwaandikia wazazi wake, akiwaomba wasihuzunike kupita kiasi iwapo litatokea la kutokea, na akijihesabu miongoni mwa waliochaguliwa kuishi muda mfupi lakini wa kutosha. Alifariki tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36. Alimwacha Elisabeth na mabinti wawili, mkubwa wa miaka sita na mdogo wa miaka miwili. Kitabu chake kilitoka baada ya kuzikwa.

Mwaka huo huo wa 1894, kijana wa Kiitaliano wa miaka 20, Guglielmo Marconi, alisoma habari za kazi ya Hertz. Mwaka uliofuata alikuwa akituma ishara bila waya katika shamba la baba yake karibu na Bologna, na Desemba 1901 ishara zake zilivuka bahari ya Atlantiki. Redio ilikuwa imezaliwa, na Hertz hakuwepo kuiona.

Familia yake ilipata machungu mengine. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, ingawa ulishaingia Ukristo. Utawala wa Hitler ulipoanza kuwaandama watu wenye asili hiyo, mjane wake na mabinti waliondoka Ujerumani kwenda Uingereza. Hata hivyo dunia ilishaamua. Mwaka 1930 jamii ya kimataifa ya mafundi umeme ililichagua jina la Hertz kuwa kipimo cha mitetemo kwa sekunde. Kwa hiyo redio inaposema megahezi 100, maana yake ni mitetemo milioni 100 kila sekunde. Na gigahezi 2.4 ni bilioni 2 na milioni 400.

Hapo ndipo tunarudi kwenye kompyuta yetu. Fundi aliposoma kadi akaona 2.4 GHz peke yake, aliomba kuangalia mipangilio ya ruta. Ilikuwa imewekwa kutuma kwa gigahezi 5 tu. Simu zetu ni za karibuni, zinapokea masafa yote mawili. Kadi ile ya zamani inapokea moja. Ilikuwa sawa na pete ya Hertz iliyokosa kulingana. Kadi haikuwa mbovu, na ruta pia ilikuwa nzima. Tuliwasha masafa ya 2.4 kwenye ruta, na baada ya dakika moja jina la mtandao wetu likatokea. Mahojiano ya wakulima yakatoka, na jioni yakasikika.

Kwa msikilizaji anayetaka kubadilisha kadi kama hiyo, haya ndiyo tuliyojifunza. Zima mashine na utoe betri kabla ya kugusa kitu. Hakikisha kadi mpya inaingia kwenye tundu lile lile, maana zipo za aina na urefu tofauti. Nyaya mbili nyembamba za antena zibonyezwe juu ya kadi mpaka zikae; zikilegea, mtandao utaonekana ukiwa karibu na ruta tu. Angalia kama kuna swichi ya Wi-Fi ubavuni mwa mashine. Kama kompyuta haitambui kadi, inahitaji draiva yake, na unaweza kuipakua kwa kutumia intaneti ya simu kupitia waya wa USB. Ujue pia kwamba baadhi ya kompyuta za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, hivyo uliza kabla hujalipa. Mwisho, soma masafa ya kadi na uyalinganishe na ya ruta. Gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri. Gigahezi 5 huenda kasi lakini huchoka mapema.

Fundi hakutudai zaidi kwa siku ya pili. Kadi aliyokuwa ameanza kututafutia badala ya ile tulimwambia aiache.