Livingstone na kofia yake ndogo: funzo la jua kwa vichwa vyetu Rungwe

Kuanzia Lupepo hadi Kyela, watu wanaijua Milima ya Livingstone, ule ukuta wa milima unaoshuka mpaka Ziwa Nyasa. Aliyepewa heshima ya jina hilo, Dk. David Livingstone, hakuwahi kufika Rungwe. Wengi tulimsoma shuleni: mmisionari, daktari, mpelelezi. Ambacho hakitajwi sana ni kofia yake, na kofia hiyo ina la kumwambia mtu anayeshinda shambani leo.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, kwenye familia maskini. Akiwa na miaka 10 tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Hapo jua alikuwa halioni kabisa. Usiku alisoma, baadaye akasomea udaktari Glasgow, na mwaka 1841 akafika kusini mwa Afrika.

Maisha yake huku hayakuwa mepesi. Mwaka 1844 simba alimrarua na kumvunja mkono wa kushoto. Mwaka 1845 alimuoa Mary Moffat. Kati ya 1853 na 1856 alikata bara hadi Luanda upande wa Atlantiki, akageuza na kutokea Quelimane upande wa Bahari ya Hindi. Homa haikumpa nafasi njia nzima.

Kofia ya cheo

Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha konseli na kumkabidhi msafara wa mto Zambezi. Hapo ndipo ilipoanza ile kofia tunayoiona kwenye picha zake: ya bluu, ina utepe wa dhahabu, na ukingo mfupi mbele tu.

Ilikuwa kofia ya heshima. Aliyemwona alijua huyu ni mtu wa serikali. Lakini kwa upande wa jua, ilifunika utosi na kutia kivuli kidogo kwenye paji la uso, basi. Masikio, mashavu na kisogo vilibaki nje.

Na kofia ya namna hiyo ndiyo aliyotembea nayo. Septemba 1859 alifika Ziwa Nyasa. Mwaka 1862 mkewe alifariki kwa homa huko Shupanga, Msumbiji. Mwaka 1866 Livingstone alirudi tena, akatoka Zanzibar, akashukia Mikindani na kufuata mto Ruvuma. Mwaka uliofuata sanduku lake la dawa likaibiwa. Daktari akabaki bila dawa.

Kofia mbili Ujiji

Mwishoni mwa mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji, Kigoma. Stanley alijiandaa kweli: buti zimepakwa mafuta, helmeti ya jua imepakwa chaki ikawa nyeupe, na kitambaa kimezungushwa juu yake. Livingstone alikuwa na ndevu za mvi, amechoka, na utepe wa dhahabu kwenye kofia yake umefifia. Wakasalimiana kwa kuinua kofia. Leo kofia hizo zimehifadhiwa na Royal Geographical Society, London.

Kwa nini Stanley alivaa dude kubwa vile? Wazungu wa zama zile waliamini jua la Afrika linapenya fuvu na kuharibu ubongo. Sababu waliikosea. Mionzi ya urujuanimno haipiti kwenye fuvu. Madhara yake huonekana kwenye ngozi na nywele. Ila kwa kivuli walipatia: kofia yenye ukingo mpana pande zote inakinga kuliko ile ya Livingstone.

Safari ya mwisho

Livingstone alikataa kurudi Ulaya na Stanley. Agosti 1872 aliondoka Tabora kuelekea kusini, na Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwili umedhoofu kwa maradhi ya tumbo na homa. Hakuuawa na jua.

Wenzake, wakiwemo Abdullah Susi na James Chuma, waliutia mwili chumvi, wakaweka brandi kidogo mdomoni na kwenye nywele, kisha wakauanika juani kwa takriban wiki mbili. Wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alizikwa Westminster Abbey, London, 18 Aprili 1874.

Sisi na jua letu

Sasa angalia kapelo uliyovaa. Umbo lake ni lile lile la kofia ya Livingstone: ukingo mbele, masikio na kisogo nje.

Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi ya urujuanimno inavyoongezeka, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Baridi na mawingu mepesi visikudanganye, mionzi inapita. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini si kinga kamili. Nywele nazo hukauka, hupauka na kukatika.

Kama unachuma chai, unalima viazi au unaendesha bodaboda:

- Shambani vaa pama au kofia ya majani yenye ukingo mpana pande zote. Kilemba au mtandio unaofunika masikio na shingo pia unafaa.
- Waliosuka: mistari kati ya nywele ni ngozi tupu. Funika. Wenye kipara vivyo hivyo.
- Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kazi ya juani ianze mapema ikiwezekana.
- Wenye ualbino wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi, hasa kichwani, usoni, masikioni na shingoni. Kofia, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni za kila siku, kuanzia utotoni. KCMC Moshi hutengeneza losheni maalumu kwa ajili yao.
- Kidonda kichwani au sikioni kisichopona kwa wiki kadhaa, usikipake dawa za kubahatisha. Nenda hospitali kikaangaliwe.