Amiri na Askofu: Wema Hauozi

Jina la Abdulkadir si geni pwani kwetu. Wangapi wameitwa hilo kwa kutabaruku na Sheikh Abdulkadir Jilani! Leo, msomaji, twamkumbuka mwengine mwenye jina hilo, naye ni wa tarika hiyo hiyo ya Kadiria: Amiri Abdulkadir wa Aljeria.

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, katika nyumba ya ilimu na dini. Wafaransa walipoivamia nchi yake mwaka 1830 alikuwa kijana msomi. Mwaka 1832 makabila yalimpa baia, akapigana nao kwa miaka kumi na mitano.

Vita vilikuwa vikali, na kila upande ulishika mateka. Mke wa Mfaransa mmoja aliyetekwa alimwendea Askofu Dupuch mjini Algiers akilia. Askofu akamwandikia Amiri kumwombea mtu huyo. Jawabu ilimtahayarisha: mbona ameomba mmoja na si wote, na mbona amewasahau Waislamu waliomo magerezani mwa Wafaransa? Askofu hakuona haya kuikubali haki. Mwaka 1841 mateka wa pande mbili wakabadilishwa, watoto wakawaona tena baba zao. Jeraha lile lilitiwa dawa na watu wawili wa dini mbali mbali, ambao hata hawajaonana uso kwa uso.

Mwisho wa mwaka 1847 Amiri aliweka silaha chini kwa ahadi ya kupelekwa nchi ya Kiislamu. Ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa, na huko Amboise akawazika jamaa na wafuasi wake. Dupuch, aliyekuwa amekwisha acha uaskofu, alimzuru kifungoni, na mwaka 1849 akatoa kitabu kumtetea. Mwaka 1852 Amiri akafunguliwa.

Deni la wema akalilipa kwa wengine. Mwaka 1860 fitina ilizuka Damascus, alikohamia, Wakristo wakawa wanauawa. Amiri na wafuasi wake wakatoka na silaha, wakawakinga maelfu. Dupuch hakuyaona hayo. Alikufa mwaka 1856.

Amiri alifariki Damascus mwaka 1883, na mwaka 1966 mabaki yake yakarejeshwa Aljeria iliyo huru. Alimpiga adui bila ya kumdhulumu mateka, na hilo ndilo gumu kuliko upanga. Mwenyezi Mungu amrehemu.