Fridtjof Nansen, mpimaji wa bahari ya barafu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 meli ya uchunguzi kutoka Norwe ilikuja katika maji ya Kenya kuhesabu samaki wa bahari kuu. Ubavuni iliandikwa Dr. Fridtjof Nansen. Leo, wasomaji wangu, nataka kuwasimulia mwenye jina hilo, maana naona tumelijua jina tusimjue mtu.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba, 1861, karibu na mji wa Christiania, ambao siku hizi waitwa Oslo. Mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka ishirini, alipanda meli ya wawinda sili akaiona bahari ya barafu kwa mara ya kwanza. Baadaye akasomea wanyama na mishipa ya fahamu, na mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari wa elimu. Mwaka huo huo yeye na wenzake watano walikivuka kisiwa cha Greenland kwa miguu na kwa mbao za kutelezea theluji. Walianzia upande wa mashariki usio na watu, ili pasiwe na pa kurudi nyuma.

Lakini jambo lililomfanya mashuhuri lilitokana na takataka za bahari. Meli ya Kimarekani, Jeannette, ilizama mwaka 1881 kaskazini ya Siberia, na miaka mitatu baadaye vitu vyake vikaokotwa Greenland, upande wa pili kabisa wa dunia ile. Mtu wa pwani aokotapo ubao ufuoni hujiuliza mkondo gani umeuleta. Nansen naye alijiuliza hivyo hivyo. Akakata shauri kuunda meli ambayo barafu haitaivunja, aiache igandamane nayo, ichukuliwe na mkondo. Mabingwa wengi wa safari hizo walimwona kama ajitafutiaye kifo. Mwunda meli Colin Archer akamwundia Fram, maana yake Mbele, yenye tumbo la mviringo ili barafu ikiibana, badala ya kupasuka inyanyuke juu.

Fram iliondoka Christiania Juni 1893, na Septemba ikashikwa na barafu. Huko hupita miezi jua halitui, na miezi mingine halichomozi, hata Muislamu aliyeko huko hana budi kuwauliza wanazuoni namna ya kukadiria nyakati za sala na saumu. Machi 1895, alipoona meli haitafika ncha ya dunia, Nansen alishuka na mwenzake mmoja, Hjalmar Johansen, na mbwa 28 wa kukokota mizigo. Walifika digrii 86 na dakika 14 Kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu aliyejulikana kupafikia kabla yao, kisha wakageuka. Mbwa waliuawa mmoja mmoja ili kuwalisha wale waliobaki, habari isiyopendeza kusimulia lakini ndiyo kweli yenyewe. Wakakaa kipindi chote cha baridi katika kibanda cha mawe kilichoezekwa ngozi, wakila nyama ya dubu. Siku moja mitumbwi yao miwili ilikatika kamba ikaanza kuchukuliwa na maji, na Nansen akajitosa katika maji ya barafu akaogelea kuifuata, maana bila mitumbwi wangekufa. Juni 1896 walikutana na Mwingereza Frederick Jackson katika visiwa vya Franz Josef, wakaokoka. Fram nayo ilitoka salama mwaka huo huo.

Wengi humsifu kwa ushujaa huo. Mimi namsifu zaidi kwa kipimajoto chake. Safari nzima watu wa Fram walipima kina na joto la maji. Wakagundua kwamba bahari ile ina kina cha zaidi ya mita 3,000, na kwamba chini ya maji baridi ya juu mna tabaka la maji yenye joto kidogo, yaliyotoka bahari ya Atlantiki. Mwaka 1909, pamoja na Bjørn Helland-Hansen, Nansen alitoa kitabu kuhusu Bahari ya Norwe. Humo walionyesha kwamba joto la maji hayo hubadilika mwaka hata mwaka, na kwamba mabadiliko hayo huenda pamoja na wingi wa barafu katika Bahari ya Barents, na hata na neema ya wavuvi.

Bahari ya Barents iko kaskazini ya Norwe na Urusi. Si ya kina kirefu, yapata mita 230 kwa wastani. Kusini yake hupashwa joto na maji ya Atlantiki, ndiyo maana bandari ya Murmansk haifungwi na barafu. Kaskazini yake ni makao ya barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yake matamu hukaa juu kama mafuta, yakizuia joto la chini lisipande. Sasa barafu iingiayo imepungua, kifuniko kimekuwa chepesi, joto linapanda, na barafu inazidi kutoweka. Hakuna sehemu ya bahari za kaskazini iliyopoteza barafu ya majira ya baridi kama hiyo.

Samaki nao wamehama. Torsk, ambaye kamusi zetu humwita chewa ingawa si yule wa miambani kwetu, amesogea kaskazini sana na kuwala wadogo wenyeji wa baridi. Mvuvi wa kusini aweza kufurahi kwa muda, lakini dubu na sili wanaotegemea barafu hawana tena pa kusogea. Sisi tulioona matumbawe yetu yakiwa meupe na kufa kwa joto la maji mwaka 1998 hatuhitaji mkalimani.

Uzeeni Nansen aliacha bahari akawashughulikia wanadamu. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 alisimamia kurudishwa makwao kwa mateka wapatao laki nne. Wakati wa njaa ya Urusi ya 1921 aliwatafutia chakula watu wa mto Volga, nchi yenye Watatari Waislamu wengi. Na kwa wakimbizi wasio na nchi ilitolewa hati ya kusafiria iliyojulikana kwa jina lake. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 13 Mei, 1930.

Naona kazi zake zote mbili zilikuwa moja, yaani kumjali aliyeng'olewa mahali pake. Wakimbizi wale aliwapa karatasi. Bahari aliiachia tarakimu, na kwa tarakimu hizo wataalamu wa leo hulinganisha, wakajua ni kiasi gani kimepotea. Asiyepima leo, mjukuu wake hatakuwa na cha kumshtakia mtu.