DAUDI KABAKA: WIMBO NI WA NANI?

Hapa kwetu Kitale, na kule Bungoma pia, wazee wengi bado wanamkumbuka Daudi Kabaka. Alizaliwa mwaka wa 1939. Katika miaka ya 1960 alirekodi na Equator, Nairobi, akawachezesha watu twisti kwa Kiswahili. Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari: mwaka wa 1968 kundi la Tremeloes liliuimba kule Uingereza, ukafika nafasi ya 14. Kabaka alifariki mwaka wa 2001.

Sasa nauliza, jamani, wimbo ni mali ya nani? Sheria ya Kenya inatenga vitu viwili. Utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Wa Kabaka, basi, hadi mwisho wa 2051. Rekodi, ambayo mara nyingi huwa ya kampuni, hulindwa miaka 50 tangu itengenezwe. Zile za miaka ya 1960 muda wake umekwisha. Lakini mtunzi akishauza haki zake, miaka hiyo yote humlisha mnunuzi, watoto wake wakitazama tu. Kwa hivyo, enyi waimbaji wa shule yetu, someni mkataba kwanza, sahihi baadaye!