Lavoisier: Aliyeipima kilo kabla ya kukatwa kichwa

Antoine Laurent Lavoisier anajulikana ulimwenguni kama baba wa kemia ya kisasa na mtu aliyeipa hewa ya oksijeni jina lake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kilo inayopimia sukari, unga na karafuu katika masoko ya leo ilitokana pia na kazi ya mikono yake, na kwamba hakuishi kuisikia ikiitwa kilo. Aliuawa kwa gilotini mjini Paris tarehe 8 Mei mwaka 1794, akiwa na umri wa miaka 50. Miongoni mwa mashtaka yaliyomfikisha hapo ni kwamba yeye na wenzake walitia maji katika tumbaku waliyowauzia wananchi.

Lavoisier alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti mwaka 1743, mtoto wa wakili mwenye uwezo. Mama yake alifariki dunia angali mdogo. Alisomea sheria kama baba yake, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi, na mwaka 1768, kabla hajatimiza miaka 25, alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Mwaka huo huo alichukua hatua nyingine ambayo baadaye ingemgharimu maisha. Alinunua hisa katika kampuni ya watu binafsi iliyokodi kwa mfalme haki ya kukusanya kodi za chumvi, tumbaku na bidhaa zilizoingia Paris. Kampuni hiyo ilimlipa mfalme fedha zake mapema, kisha ikajirudishia kutoka kwa wananchi pamoja na faida nono. Hapakuwa na chombo kilichochukiwa zaidi nchini.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mshirika mwenzake katika kampuni hiyo, aliyekuwa na umri wa miaka 13 tu. Marie-Anne alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mumewe maandishi ya wanasayansi wa Uingereza, na ndiye aliyechora picha za vyombo katika kitabu maarufu cha kemia alichokitoa mumewe mwaka 1789.

Fedha za kodi ndizo zilizonunua vyombo hivyo. Lavoisier aliwaagizia mafundi hodari wa Paris mizani za hali ya juu, kwani aliamini kwamba kemia ni hesabu: uzito wa vitu vinavyoingia chomboni lazima ulingane na uzito wa vinavyotoka, hata kama kilichotoka ni hewa isiyoonekana kwa macho.

Kila mji na pishi lake

Nje ya maabara, hali ilikuwa tofauti kabisa. Inakadiriwa kwamba Ufaransa ya wakati huo ilikuwa na majina ya vipimo yapatayo 800, na kwa kuwa jina moja lilibeba ujazo au uzito tofauti katika kila wilaya, vipimo vyenyewe vilifikia 250,000. Ratili ya Paris, iliyokuwa na uzito wa karibu gramu 489, iligawanywa katika wakia 16, kila wakia katika mafungu 8, na kila fungu katika chembe 72. Ratili moja, kwa hiyo, ilikuwa na chembe 9,216. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 Lavoisier aliwashauri wakemia wenzake waachane na mgawanyo huo, waigawe ratili kwa kumi kumi.

Kwa mkulima, suala hili halikuwa la hesabu peke yake. Mara nyingi bwana wa ardhi ndiye aliyemiliki pishi la kupimia nafaka aliyodaiwa mkulima. Angeweza kulikuza chombo chenyewe, au kudai kijazwe mpaka nafaka ifanye kichuguu juu, wakati yeye akiuza kwa kipimo cha mfuto, yaani kilichosawazishwa kwa ubao. Anayeyajua mabishano ya magunia ya lumbesa katika masoko ya Kenya na Tanzania ataielewa hasira ya wakulima hao. Mwaka 1789, wananchi walipotakiwa kumwandikia mfalme malalamiko yao, ombi la kipimo kimoja kwa nchi nzima lilijitokeza katika pembe nyingi za Ufaransa.

Tarehe 8 Mei mwaka 1790, katikati ya vuguvugu la mapinduzi, Bunge la Taifa liliamua kuanzisha vipimo vipya. Mwaka uliofuata wanasayansi wa Akademia walipendekeza kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, ili kipimo hicho kisiwe mali ya mfalme wala ya taifa lolote. Lavoisier alikuwa mweka hazina wa kazi hiyo. Alitafuta fedha za wanaastronomia Delambre na Méchain, waliotumwa kupima ardhi kati ya Dunkirk na Barcelona, na kuhakikisha zinawafikia nchi ikiwa vitani.

Yeye mwenyewe alishika upande wa uzito. Akisaidiana na kasisi René-Just Haüy, mtaalamu wa madini, alipima uzito wa maji yaliyosafishwa yanayojaza mchemraba wenye upande wa sehemu moja ya kumi ya mita. Walipima silinda ya metali katika hewa, kisha ndani ya maji, na tofauti ikawaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Walipata chembe 18,841 za vipimo vya zamani. Wataalamu wengine waliporudia kazi hiyo kikamilifu mwaka 1799, tofauti ilikuwa chini ya gramu moja katika kilo nzima.

Kukamatwa na kifo

Kampuni ya kodi ilikuwa imekwisha vunjwa mwaka 1791, lakini chuki haikuvunjwa nayo. Mwezi Novemba mwaka 1793 ilitolewa amri ya kuwakamata washirika wake wote. Lavoisier alijisalimisha pamoja na baba mkwe wake. Mwezi uliofuata, Borda na Haüy waliomba aachiliwe ili amalizie kazi ya vipimo. Serikali ilijibu kwa kumwondoa katika tume hiyo Lavoisier, Borda mwenyewe na wanasayansi wengine wanne.

Kesi ilisikilizwa na hukumu kutekelezwa siku moja, tarehe 8 Mei mwaka 1794, miaka minne kamili tangu Bunge lilipoanzisha mpango wa vipimo. Washirika 28 wa kampuni waliuawa, Lavoisier akimfuata baba mkwe wake. Marie-Anne alipoteza baba na mume kwa siku moja.

Majina ya gramu na kilogramu yaliwekwa katika sheria tarehe 7 Aprili mwaka 1795. Hata hivyo, wananchi waliokuwa wamedai kipimo kimoja hawakukipokea kwa furaha. Wauza nafaka na wanunuzi wa mikate waliendelea na ratili walizozizoea, na mwaka 1812 Napoleon akalegeza masharti. Ni tarehe 1 Januari mwaka 1840 tu ndipo vipimo vya mita vilipokuwa vya lazima tena kwa Wafaransa wote.

Mashariki mwa Afrika, kilo ilichukua nafasi ya ratili za Waingereza baada ya uhuru, pwani ikiwa bado inazikumbuka pishi, kibaba na frasila. Marekani ingali inapimia nyama kwa ratili, na Uingereza ingali inahesabu barabara zake kwa maili. Tangu mwaka 2019 kilo haitegemei tena maji wala kipande cha metali, bali kanuni ya fizikia isiyobadilika.

Wanasayansi kama Newton, Watt na Volta wamepewa vipimo vinavyobeba majina yao. Kilo haina jina la mtu yeyote, na ndivyo walivyotaka walioianzisha.