Gaston Planté, Mtu wa Betri ya Risasi

Gaston Planté alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Orthez, kusini ya Ufaransa. Alipopata miaka ishirini alikuwa Paris, msaidizi wa mwalimu wa elimu ya fizikia. Mwaka 1855 alivumbua karibu na mji huo mifupa ya ndege mkubwa wa kale, na wenye elimu wakamwita ndege yule Gastornis kwa kumheshimu. Lakini kazi yake iliyofika hata Masasi na Newala ni nyingine.

Siku zile betri zilikuwapo, maana Volta, Mtaliano, alikwisha tengeneza ya kwanza mwaka 1800. Ila nguvu zikiisha, sharti dawa na madini yake yabadilishwe. Mwaka 1859 Planté alitwaa mabamba mawili ya risasi, akayatenga yasigusane, akayakunja pamoja kama mkeka, akayatia katika asidi, yaani maji makali yaunguzayo. Akayapelekea umeme kutoka betri nyingine. Alipoiondoa ile betri, mabamba yakarudisha umeme waliopewa.

Taabu ilikuwa hii: walichohifadhi kilikuwa kidogo mno. Planté hakuyatupa. Aliyajaza, akayamaliza, akageuza njia ya umeme, akayapumzisha, akayajaza tena, miezi mingi, hata uso wa risasi ukawa na vitundu kama sifongo. Ndipo yakashika umeme mwingi. Mwaka 1860 alipeleka betri yenye vyumba tisa mbele ya baraza la wenye elimu la Ufaransa. Mwaka 1881 Faure, Mfaransa mwenzake, alipaka mabamba uji wa risasi, na ile kazi ya miezi ikafupishwa sana. Planté akafa mwaka 1889, motokaa zikiwa bado chache duniani.

Betri ya namna hiyo ndiyo iliyomo katika motokaa zipandazo kutoka Masasi hata Newala, juu ya mlima wa Makonde. Ina vyumba sita, kila kimoja volti mbili na kidogo. Ikidhoofika, hujazwa polepole, mahali penye hewa na pasipo moto, kwa kuwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Kisha huachwa ipumzike saa kadhaa, ndipo ipimwe: volti 12.6 imejaa; volti 12 karibu imekwisha. Hata hivyo kipimo hicho peke yake chaweza kudanganya. Betri mbovu huonyesha 12.6 ikikaa bure, na injini ikianza kuzungushwa huanguka chini ya 10.

Maji yakipungua ndani yake huongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke tu. Newala, ambako tangu zamani watu waliteremka mabondeni kuteka maji, yafaa yale ya kisima yabaki ya kunywa, kwa sababu chumvi yake huharibu mabamba. Na betri iliyoachwa tupu miezi mingi hufanya ukoko mweupe juu ya risasi; ukishakuwa mgumu, hata kuijaza usiku kucha hakuirudishi.